Betri haiongezi mwanga wa Vespa

Kila anayeniletea Vespa ya zamani niigeuze iwe ya DC, yaani umeme wa upande mmoja kama wa betri, huja na maneno yaleyale: "Fundi, nifungie betri na rektifaya tu, taa ziwe kali." Rektifaya ni kile kifaa kinachogeuza AC, umeme unaokwenda na kurudi, uwe DC. Lakini hilo neno "tu" ndilo linaloniudhi. Umeme wote wa Vespa unatoka kwenye koili zilizo chini ya flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku linalozungushwa na injini, na koili hizo haziongezi hata wati moja kwa sababu umefunga betri.

Tupige hesabu. Vespa ya modeli ya PX, ya 12V, yenye moto (cheche ya plagi) wa elektroniki inatoa kama wati 80, tena injini ikiwa imeshachangamka. Taa kubwa inakula 35, ya nyuma 5, ya breki 10, indiketa mbili za upande mmoja 42. Jumla 92, umeshavuka. Kinachopungua betri inakuazima, na baadaye inataka ilipwe. Ni tangi la maji juu ya paa: pampu ikilegea linakufaa, lakini kisima halichimbi. Faida ya kweli ya DC ni utulivu. Ukisimama kwenye foleni Darajani usiku taa haififii na injini, honi inalia kwa sauti moja, na balbu za LED haziwaki kwa kupepesa. Mimi naipenda kazi hii kwa sababu hizo, na ukitaka mwanga zaidi weka LED ya wati chache, usiniambie nikufungie halojeni ya 60.

Sasa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kupitia chuma cha bodi, maana hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Koili ya taa ina ncha mbili. Kwenye Vespa nyingi ncha moja inatoka na waya kwenda kwenye taa, ya pili imechomelewa kwa risasi palepale kwenye bamba la stata, lile lililobeba koili, yaani bodi nzima ndiyo njia ya kurudia. Kwa AC hakuna tatizo. Lakini betri nayo hasi yake inakwenda bodi. Ukifunga rektifaya ya diodi nne (diodi hupitisha umeme upande mmoja tu) hapo bila kuigusa stata, nusu ya kwanza ya mzunguko inachaji vizuri. Nusu ya pili, umeme unapogeuka, unatoka bodi, unapita diodi moja na kurudi kwenye koili bila kufika kwenye betri kabisa. Koili imepigwa shoti, mara moja kwa kila mzunguko, muda wote injini inapofanya kazi. Diodi ile inachemka mpaka inaungua, halafu mwenye Vespa anasema kifaa kilikuwa feki. Hakikuwa feki!

Dawa yake ni kuinua ethi. Unavua flaiwili, unatafuta ile ncha ya koili ya taa iliyochomelewa kwenye bamba, unaiyeyusha risasi polepole (waya wa koili ni mwembamba, ukiuvuta kwa nguvu umekatika kwenye shina), unauunganisha na waya wake wenyewe wenye ngozi ya kustahimili joto na mafuta, unautoa nje pamoja na mwenzake. Kabla ya kurudisha flaiwili, weka mita kati ya kila waya na bamba: isisome mguso wowote. Ikilia, kuna mahali waya umechubuka. Tafuta. Usifunge ukitumaini.

Koili ya moto usiiguse. Hiyo ethi yake ibaki pale ilipo, iwe ya pointi, zile ncha zinazogusana na kuachana, au ya kulisha CDI, kile kisanduku cha moto wa elektroniki. Ndiyo maana Vespa yako itawaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa, na ndiyo maana waya wa betri usisogee karibu na waya wa kuzimia injini.

Fyuzi iwe karibu na chanya ya betri. Regulata, kifaa kinachozuia volti zisipande mno, ya AC toa, weka ya DC. Betri ikiwa imejaa inasoma kama volti 12.6 injini ikiwa imezimwa. Ukivuta mafuta isome 14 hadi 14.5. Ikipita 15, zima.

Halafu honi na swichi. Honi ya AC haina pointi ndani, inatetemeka kwa sababu umeme wenyewe unakwenda na kurudi. Ipe DC itasema "tak" mara moja, inyamaze, ianze kupata moto. Nunua ya DC, na flasha ya indiketa, ile inayozifanya ziwake na kuzima, vilevile. Swichi ni hatari zaidi. Vespa nyingi za 6V zisizo na betri, swichi ya breki imefungwa muda wote na inapeleka umeme ethi. Ukikanyaga breki ndipo inafunguka na taa inawaka. Mpe betri mfumo huo bila kubadili swichi, umeunganisha chanya na bodi moja kwa moja. Kama hukuweka fyuzi, waya zinayeyuka ndani ya fremu, mahali ambapo mkono haufiki. Kila swichi ipimwe kwa mita, breki imekanyagwa na imeachiwa.

Kuhusu stata za 6V zenyewe, sitakuahidi kitu. Kuna inayokubali regulata ya 12V na kuchaji vizuri, na kuna nyingine ya muundo uleule ambayo kwa mwendo mdogo haifiki hata 12. Pengine sumaku imechoka, pengine iliwahi kusukwa upya kwa waya tofauti. Kwa macho huwezi kujua. Kwa hiyo 6V napima kwanza, injini ikizunguka polepole na balbu halisi ikiwa imewashwa, ndipo mwenyewe aende dukani kununua betri.