Kununua Ardhi Kijijini Uganda: Nani Amlipe Mpima?

Swali hili tunaulizwa kila mara, na jibu letu halibadiliki: mpima wa kuthibitisha mipaka mlipe wewe mnunuzi, hata kama muuzaji anajitolea kukuletea wa kwake bure. Hili ni jambo la maelewano tu. Lakini mpima huwajibika kwa aliyemwajiri, na aliyeletwa na muuzaji au dalali wake anaweza kuona kasoro akainyamazia. Hakikisha tu kwamba amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wapima Ardhi.

Kabla ya kumwita, fanya upekuzi katika ofisi ya ardhi ya kanda. Ada yake ni ndogo, nayo itakuonyesha jina la mwenye hati, rehani ya benki na zuio lolote. Muuzaji anayetaka malipo kwanza ndipo akupe namba ya bloku na ploti (ndizo zinazoitambulisha ardhi kwenye kumbukumbu), achana naye.

Kisha mipaka ifunguliwe, yaani itafutwe upya pale shambani. Mpima huja na vipimo kutoka kumbukumbu za serikali, majirani na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) wakiwepo. Mahali jiwe la mpaka linapotakiwa kuwa, kibarua huchimba kwa jembe. Mara nyingi jiwe hulikuta hatua kadhaa kutoka kwenye mstari wa masale, mimea inayopandwa kuonyesha mpaka, yale ambayo Waganda huyaita oluwanyi, na hapo ndipo kelele za majirani huanza. Heri zianze sasa, fedha zikiwa bado mfukoni mwako.

Ndiyo maana tunashauri bei ipangwe kwa eka, na jumla ikokotolewe baada ya kupima. Ukiambiwa eka 5 na mpima akapata eka 4 na desimali 30 (desimali 100 ni eka moja), utalipia hizo tu. Angalia pia sehemu iliyo kwenye kinamasi: kwa ibara ya 237 ya Katiba ya 1995, ardhi oevu inashikiliwa na serikali kwa niaba ya wananchi. Usiilipie kana kwamba ni shamba.

Gharama ya kukata kipande kutoka hati kubwa ni habari nyingine. Kwa maoni yetu ni ya muuzaji, kwa kuwa yeye ndiye anayepaswa kukukabidhi kitu kinachohamishika. Wauzaji wengi huitupia kwa mnunuzi. Ukikubali, ipunguzwe kwenye bei. Ushuru wa stempu, asilimia 1.5 ya thamani, ni wako.

Kwenye ardhi ya kimila, kama Acholi au Teso, huenda hakuna hati ya kupekua. Hapo ukaguzi ni watu: wazee wa ukoo, majirani wa pande zote na kamati ya ardhi ya eneo. Kwa kibanja, yaani kipande cha mpangaji kwenye ardhi ya mailo (ardhi yenye hati ya umiliki wa kudumu, hasa Buganda), ridhaa ya mwenye ardhi ni lazima. Na popote pale familia inapoishi au kujipatia riziki, mwenzi wa muuzaji lazima aridhie. Mwenyekiti wa LC1 akidai asilimia ya bei ili ashuhudie, fahamu kwamba hiyo si ada ya kisheria.

Yote haya yaandikwe na wakili kwenye mkataba: nani analipa nini, eka zikipungua muuzaji anarudisha kiasi gani, na awamu ya mwisho ya malipo ibaki kwako mpaka hati itoke kwa jina lako.