Kufungia tovuti sio kufuta wimbo

Jamani, hapa Mwanjelwa vijana wanaoingizia watu nyimbo kwenye memori kadi wanaamini tovuti ikifungiwa basi nyimbo za wizi zimefutika, sio kweli kabisa. Mara nyingi kinachozuiwa ni jina la tovuti tu, yaani mtandao wako unagoma kukupeleka kule, ila faili liko palepale kwenye seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti, na mwizi kesho anafungua jina jingine. Anayeumia ni msanii wetu wa Mbeya aliyeweka kazi yake halali kwenye tovuti hiyohiyo, inaniuma sana hii! Ndio maana Marekani muswada wa SOPA wa 2011, uliotaka kufungia tovuti zenye kazi za wizi, ulipigiwa kelele, Wikipedia ya Kiingereza ikajizima kuupinga tarehe 18 Januari 2012, muswada ukawekwa kando. Mi naona mwenye wimbo adai faili lenyewe liondolewe.