Mdako, zizi la mawe na mtaala wa darasa la awali

Mdako huchezwa hivi. Watoto wanachimba kishimo cha upana wa kiganja, wanakijaza vijiwe, wanakizunguka. Mchezaji anarusha jiwe moja juu, na kabla halijashuka anakuwa ameshakomba vijiwe kadhaa kutoka shimoni, kisha kwa mkono uleule analidaka lile alilorusha. Anarusha tena. Safari hii anavirudisha alivyovitoa, abakize kimoja tu, ambacho kinakuwa chake. Akibakiza viwili, au jiwe likimponyoka, zamu inakwenda kwa mwenzake.

Kaa karibu na wasichana wa darasa la tatu wa Bahi au Mvumi, mkoani Dodoma, Tanzania, wakiwa mchezoni uangalie mikono yao. Hakuna anayesema "moja, mbili, tatu", maana jiwe liko hewani na muda haupo. Jicho linaona vijiwe vitano, mkono unarudisha vinne. Mtoto huyo ametambua idadi kwa kutupa jicho tu, bila kuhesabu kimoja kimoja, na anajua kwamba tano ukiacha moja ni nne. Sisi tunaofundisha hisabati za awali tunazihangaikia sana stadi hizo mbili, kwa sababu mtoto anayefika darasa la pili bila hizo anaendelea kuhesabia vidole wakati wenzake wameshajumlisha. Na pembeni ya shimo utawakuta wadogo wa miaka minne, mitano. Hao bado hawajakubaliwa mchezoni. Wamejichimbia kishimo chao, jiwe wanalirusha kidogo tu, na dada zao wanawasahihisha bila kugeuka: "Umebakiza viwili wewe, umeungua!"

Nafundisha walimu wa elimu ya awali hapa Dodoma, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni la zana. Mwalimu amesoma kwamba mtoto mdogo hujifunza kwa michezo, anaamini hivyo, lakini anasema hana vifaa. Ukimuuliza vifaa gani, anataja vitalu vya rangi, picha za kupanga, wanasesere wa plastiki. Namwelewa. Ila naona tumekubali mapema mno kwamba mchezo wa mtoto unaanzia dukani.

Dhana hiyo ina historia yake. Friedrich Froebel alianzisha shule yake ya watoto wadogo Ujerumani mwaka 1837, akawapa mipira na vitalu vya mbao alivyovipanga kwa hatua. Maria Montessori alifungua nyumba yake ya watoto Roma mwaka 1907, akaweka meza ndogo na vifaa vyenye mpangilio maalumu, kila kifaa na kazi yake. Wote wawili walimtazama mtoto kwa makini ambayo shule nyingi za zama zao hazikuwa nayo, na mengi tunayofanya leo yametoka kwao, pamoja na zana zilizopangwa rafuni na kona za kujifunzia, yaani sehemu za darasa zenye vifaa vya mchezo fulani, kama duka, tunazowahimiza walimu wazitengeneze. Lakini mpango wao unamweka mtu mzima katikati: yeye ndiye anayeandaa mahali, anayechagua vitu na anayesimamia.

Kuna jamii nyingi ambazo mchezo haukai hivyo. Suzanne Gaskins, aliyeishi na kufanya utafiti kati ya Wamaya wa Yucatán, Meksiko, alieleza kwamba kule wazazi hawachezi na watoto wala hawauhesabu mchezo kama somo. Watoto hucheza na ndugu zao, mara nyingi kwa kuigiza kazi wanazoziona zikifanywa. Bame Nsamenang, mwanasaikolojia wa Kamerun, aliandika mengi ya aina hiyo kuhusu Wanso wa nchi hiyo: mtoto anapewa majukumu mapema na analelewa kwa kiasi kikubwa na watoto wenzake. Nsamenang alilalamikia waziwazi programu za watoto zinazoletwa Afrika kana kwamba hapa hapakuwa na malezi.

Nikisoma maelezo hayo naona vijiji vya Chamwino. Nyuma ya nyumba kuna zizi la mawe lisilozidi upana wa ungo. Ng'ombe ni magunzi ya mahindi, gunzi jekundu ndilo dume. Ndama wametengwa kwenye kizizi chao, kwa sababu usiku wakilala na mama zao watanyonya na asubuhi hakutakuwa na maziwa ya kukamua. Mvulana wa miaka mitano amepanga makundi, ametenganisha wakubwa na wadogo, na anajua mara moja ng'ombe mmoja akipotea. Dada yake amembeba mgongoni mtoto wa gunzi, mara nyingine huku akimwangalia mdogo wao wa kweli. Uwele ukikomaa wote wanapelekwa shambani kuamia ndege, na huko hutaweza kusema kazi imeishia wapi na mchezo umeanzia wapi. Katika yote hayo mtu mzima haingii. Babu akikaa chini kuchunga magunzi na wajukuu, majirani watashangaa. Hilo halina uhusiano na kukosa upendo, ni kwamba mchezo una wenyewe.

Sasa mchukue msichana aliyekulia hapo, umsomeshe ualimu, umwambie acheze na watoto darasani. Nimeona mara nyingi kinachofuata. Anainama kwenye kona ya duka, anashika kopo na kuuliza: "Hiki ni nini? Kina rangi gani? Yuko wapi muuzaji?" Watoto waliokuwa wakibishana bei wananyamaza na kuanza kujibu kwa pamoja. Mchezo umekufa na kipindi cha maswali kimeanza.

Wajapani wana njia inayofaa kutazamwa. Joseph Tobin na wenzake walirekodi shule za awali za Japani, China na Marekani miaka ya 1980, na jambo lililowashangaza Wamarekani ni mwalimu wa Kijapani aliyewaacha watoto wamalize ugomvi wao wenyewe huku yeye akiwa karibu anaona. Darasa lilikuwa na watoto karibu 30, na walimu wale waliona wingi huo unawafundisha watoto kuishi na wenzao. Naomba mfano huo usitumike vibaya. Kiwango chetu cha elimu ya awali ni mwalimu mmoja kwa watoto 25, na tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016 wapo walimu wanaoingia kwenye darasa la watoto mia moja peke yao. Hakuna utamaduni unaohalalisha hilo. Kinachofaa kuchukuliwa kwa Wajapani ni kwamba kusimama kando na kuangalia kwa makini ni kazi ya mwalimu, na anayeifanya asionekane mvivu.

Mtaala wetu wa 2016 ulitaja umahiri kama kuhusiana, kuwasiliana na kumudu stadi za awali za kihisabati. Mwalimu anayejua kuangalia atauona wote kwenye zizi la magunzi na kwenye mdako, na anaweza kuuandika kwenye kumbukumbu za maendeleo ya mtoto: ametenganisha makundi kwa ukubwa, amesubiri zamu, ametambua idadi hadi nne bila kuhesabu. Mtoto aliyekaa kimya asubuhi nzima mbele ya ubao utamkuta nje anatetea kijiwe chake kwa Kigogo, au Kirangi kule Kondoa, kwa sentensi ndefu na hoja nzito. Mwalimu akisogea na kumpa maneno ya Kiswahili wakati anayahitaji, zamu yangu, umetoa ngapi, bakiza kimoja, maneno yanashika kwa sababu yana kazi.

New Zealand walithubutu kwenda mbali zaidi. Mwaka 1996 walitoa Te Whāriki, mtaala wa awali ulioandaliwa pamoja na Wamaori, wenyeji asilia wa nchi hiyo, na haukupangwa kwa masomo. Umejengwa juu ya ustawi, kujiona mmoja wa jamii, mchango, mawasiliano na uchunguzi. Hatuna haja ya kuunakili. Natamani tu wanaoandaa vitabu vya mwalimu hapa wangekaa na bibi wa Mpwapwa na watoto wa Kongwa kabla ya kuchora kona.

Kuna mahali mchezo wa kijijini haufiki. Mdako hautampa mtoto sauti za herufi, wala magunzi hayatamwonyesha kwamba maandishi yanasomwa kutoka kushoto. Hayo yanafundishwa, kila siku, na mwalimu mwenye hadithi na vitabu mkononi. Mama mmoja aliniambia kwenye kikao cha wazazi, "Mwalimu, kucheza anacheza hata nyumbani. Hapa nimemleta asome." Ana haki kabisa. Ninachowaomba walimu ni kumwonyesha mzazi kama huyo kwa macho. Mwite akae kando ya shimo la mdako, mwanawe arushe jiwe, kisha mwonyeshe ukurasa wa hesabu unaofanana na alichokiona.

Wanaonitia wasiwasi zaidi ni watoto wa mjini. Dodoma imekua haraka tangu serikali ihamie, nyumba zina kuta, na gari la shule linamchukua mtoto wa miaka minne kabla jua halijachomoza. Anakaa siku nzima na wa umri wake tu, jioni ana kazi za nyumbani. Dada wa kumwambia "umebakiza viwili wewe" hana. Kwa shule za namna hiyo, hasa za mchepuo wa Kiingereza, pendekezo langu halina gharama: mapumziko ya darasa la awali na ya darasa la tatu yawe wakati mmoja, uwanja mmoja, na sehemu ya uwanja iachwe udongo, isisakafiwe.