Kabla ya kuandika andiko la kuomba fedha, peleka mashine shambani

Mnunuzi wa maharage pale Mwanjelwa haangalii ukubwa wa gunia. Anachoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli, pembeni ya gunia, punje zinamwagika kiganjani, anapuliza makapi, halafu anaanza kutenga kwa kidole gumba: nzima huku, zilizopasuka kule. Kazi hiyo haichukui hata dakika moja. Siku hiyo nilikuwa nimesimama nyuma ya mama mmoja kutoka Mbozi aliyeleta magunia sita ya maharage ya njano. Mnunuzi alitenga, akatenga tena, kisha akauliza kwa upole, "Mama, haya mmepiga kwa mashine gani?" Bei ikashuka palepale. Mama alinigeukia bila hasira. "Mwanangu, fimbo zetu zinachosha, ila hazipasui."

Mashine ile ya kupura maharage ilikuwa ya kijana mmoja wa Iyunga ambaye nilikuwa namshauri. Mimi ni mhandisi wa mitambo. Kwa miaka mingi kazi yangu hapa Mbeya imekuwa kukaa na wabunifu: mafundi wa kuchomelea, vijana waliomaliza chuo, na wakulima wenye mikono mizuri. Wengi huja na swali moja, nalo ni wapi watapata mfadhili. Kijana yule naye alikuja hivyo, na andiko la mradi la kurasa arobaini, picha za mashine iliyopakwa rangi mpya, na maombi ya shilingi milioni hamsini. Nilimuuliza mashine imepura magunia mangapi. Ilikuwa imepura debe mbili, nyumbani kwao.

Ndiyo maana tulikwenda Mbozi kwanza.

Nieleze kilichopasua maharage, kwa sababu hapo ndipo wazo linapogeuka bidhaa au linapokufa. Alikuwa amechukua mtungi chakavu wa gesi akautengeneza dramu ya kipenyo cha sentimita 40, akauchomelea meno ya nondo. Injini ilikuwa ya dizeli ya silinda moja, inayozunguka mara 2,200 kwa dakika. Puli ya injini, yaani gurudumu linalozungusha mkanda, ilikuwa ya inchi 6, ya dramu inchi 15. Piga hesabu: dramu inazunguka mara 880 kwa dakika, na ncha ya jino inampiga haragwe kwa mwendo wa zaidi ya mita 18 kwa sekunde. Mahindi yanaweza kuvumilia hayo. Haragwe haliwezi, hasa likiwa limekauka kupita kiasi juu ya turubai, kwa kuwa ngozi yake inakuwa kama karatasi na vipande viwili vya ndani vinaachana kwa pigo dogo tu.

Dawa yake haikuhitaji mfadhili. Tulibadilisha puli ya injini tukaweka ya inchi 3, mwendo ukashuka nusu: mizunguko 440, kama mita 9 kwa sekunde. Meno tukayavisha raba ya tairi kuukuu. Nafasi kati ya dramu na chekecheo, wavu unaopitisha punje, tukaiweka kwenye boliti ndefu ili mtumiaji aipanue au aibane kulingana na aina ya maharage. Makapi yakaanza kubaki na punje chache ndani, basi tukarefusha njia ya kutokea. Wiki tatu za kwenda na kurudi, na gharama yake kubwa ilikuwa nauli.

Fikiria sasa kama ile milioni hamsini ingekuja kabla ya safari ya Mbozi. Silazimiki kubuni mfano, niliyaona. Miaka ya nyuma nilikisaidia kikundi kimoja kuandika andiko, ruzuku ikatoka kwa taasisi ambayo ilitaka kuona idadi ya mashine kabla ya mwaka wa fedha kuisha. Zikatengenezwa mashine kumi na mbili kwa mkupuo, zote zikiwa na kosa lilelile, kwa sababu ya kwanza haikuwa imemaliza hata msimu mmoja. Mara ya mwisho nilipofika, kuku walikuwa wanalala juu ya mbili kati yake. Nililia njiani kurudi. Sahihi yangu ilikuwa kwenye andiko lile, na tangu hapo siandikii mtu barua ya kuombea fedha kabla sijaona daftari lake.

Daftari ndilo ninalolipenda kuliko yote. La kawaida kabisa, la kurasa mia. Kila siku ya kazi unaandika: kijiji, aina ya maharage, magunia yaliyopurwa, saa zilizotumika, lita za dizeli, kilichoharibika, na nani amelipa shilingi ngapi. Safu hiyo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Mwezi wa sita kijana yule hakuuza mashine hata moja. Alizunguka nayo kwenye pikapu ya kukodi, akipura kwa malipo ya kila gunia. Mkulima anayekwambia "hongera, mashine nzuri" amekupa heshima yake. Mkulima anayetoa hela mfukoni, kesho yake akamleta shemeji yake, amekupa ushahidi. Msimu ulipoisha alikuwa na kurasa zilizojaa na madoa ya dizeli, na daftari hilo likawa andiko bora kuliko lile la kurasa arobaini.

Jambo la pili ni gharama, na hapa mafundi wetu wanaumia kimyakimya. Tuseme chuma ni shilingi 480,000, beringi, puli na mikanda 160,000, na injini 650,000. Jumla 1,290,000. Fundi anatangaza bei ya 1,500,000 na anaamini faida yake ni 210,000. Sasa ongeza asivyoviandika: stiki za kuchomelea na diski za grainda 70,000, umeme 30,000, vijana wawili kwa siku nne 120,000, rangi 40,000, usafiri 60,000, na akiba ya 100,000 ya kurudi kumrekebishia mteja. Gharama halisi ni 1,710,000. Kila mashine inayouzwa inampotezea 210,000, na kadiri anavyopata wateja wengi ndivyo anavyozama. Bado hajajilipa yeye mwenyewe.

Ukipandisha bei mpaka milioni mbili, lazima uhesabu upande wa mnunuzi pia. Tuseme anapura kwa 5,000 kwa gunia, dizeli na kijana wa kuendesha vinakula 2,000, kinabaki 3,000. Anahitaji magunia kama 667 kurudisha hela yake. Akipura kumi na tano kwa siku, kwa siku thelathini za msimu, anafika 450. Kwa hiyo ni msimu mmoja na nusu. Huo ni ununuzi unaoelezeka mbele ya mtu wa benki au mkutano wa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima. Kama hesabu ingetoa misimu mitano, ningemwambia arudi karakanani, hata kama mashine inapendeza vipi.

Kuhusu kulinda ubunifu, nasema jambo moja kwa msisitizo: usiipeleke kwanza Nane Nane. Viwanja vya John Mwakangale vinajaa kila Agosti, na nafurahi kuona vijana wakisimama kwa fahari mbele ya kazi zao. Lakini hataza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, hutolewa kwa kitu kipya, na kitu ulichokwisha kukionyesha hadharani, watu wakakipiga picha mpaka tumboni, kinaweza kukosa sifa hiyo kwa mkono wako mwenyewe. Hata kupura mbele za watu kwa malipo kunahesabika. Nenda kwanza BRELA, wakala wa usajili wa biashara, ukaulize, au omba ushauri COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia. Kumbuka pia kwamba hataza inalinda ndani ya mipaka ya nchi iliyoitoa. Kwetu huku hilo si nadharia: mashine iliyouzwa Tunduma asubuhi inaweza kulala Nakonde, Zambia, na ya Kyela ikavuka Kasumulu kuingia Malawi. Kuna njia ya ARIPO, shirika la Afrika la miliki ubunifu lenye makao yake Harare, ambako ombi moja linaweza kutaja nchi kadhaa, zikiwemo Tanzania, Zambia na Malawi. Njia hiyo ina ada zake, na ada za kila mwaka zinafuata.

Kwa mashine ya kijana wetu sikumshauri kuhangaikia hataza. Dramu, meno na chekecheo ni vitu vya zamani duniani, na boliti za kurekebisha nafasi hazikuwa uvumbuzi wake wala wangu. Nilimwambia asajili jina na alama ya biashara, kisha ashinde kwa vipuri na huduma. Mkulima wa Umalila akipiga simu mkanda umekatika katikati ya mavuno, anayefika kesho yake asubuhi ndiye mwenye soko.

Fedha sasa. Zipo, ila kila mfuko una mlango wake. COSTECH na MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, yaliyoanza 2019, yanafaa ubunifu ukiwa bado mchanga. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa 1973 na yenye ofisi mikoani, Mbeya na Iringa zikiwemo, ina mikopo kwa wajasiriamali wadogo, na pia mafundi ambao wataikagua mashine yako kabla hujaaibika mbele ya mteja. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kama tatizo ni dhamana, PASS, taasisi ya dhamana za mikopo ya kilimo, huwadhamini wenye miradi ya kilimo mbele ya benki. Mfuko ninaoupenda zaidi ni wa mteja mwenyewe: malipo ya awali ya nusu bei, yanayonunua chuma cha mashine yake. Hayo hayana riba. Omba malipo hayo mkulima akiwa ametoka kuuza mazao. Ukimfuata Januari akiwa anatafuta mbolea, utamwonea bure.

Mkopo nao usiuchukue kwa ajili ya mashine ishirini. Kijana yule alikopa ya kutengeneza nne, na sehemu ya kwanza ya fedha haikwenda kwenye mashine kabisa. Ilitengeneza fremu ya kushikilia vyuma wakati wa kuchomelea, ili matundu ya beringi ya mashine ya kwanza na ya nne yakae mahali pamoja. Mwenzake karakanani alimshangaa: hela yote hiyo kwa kitu kisichouzwa?

Mwezi uliopita mnunuzi wa ile ya tatu alipiga simu kutoka Vwawa, beringi ya upande wa puli inapiga kelele. Kijana hakuuliza mashine ni ipi wala hakwenda kupima. Alimtajia namba ya beringi iliyoandikwa kwenye kibati, akamwambia inauzwa duka la vipuri karibu na stendi, na spana ya kuifungulia ni namba 17. Kufika mchana watu wa Vwawa walikuwa wanapura.