Trela ya farasi wawili: pima farasi kabla ya kuulizia bei

Msimu wa polo na mashindano ya kuruka vizingiti ukikaribia, wafugaji wengi hutupigia simu kwenye kitengo chetu cha tiba ya farasi. Wameona trela ya farasi wawili inauzwa, wanataka kujua kama inafaa. Sisi huwauliza kwanza: farasi wako wana kilo ngapi? Wengi hawajui, na makosa mengi huanzia hapo. Muuzaji anaposema "ya farasi wawili" anahesabu nafasi tu. Farasi wa polo wa kilo 430 ni mmoja kwake, na farasi mkubwa wa kuruka wa kilo 680 pia ni mmoja.

Kama huna mizani, tafuta utepe laini unaozidi mita mbili. Uzungushe kifuani, nyuma kidogo ya miguu ya mbele, upite pale shingo inapokutana na mgongo. Kisha pima urefu wa mwili kuanzia ncha ya bega hadi mwisho wa tako. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, halafu gawanya kwa 11,880. Farasi mwenye mzunguko wa sentimita 205 na urefu wa 185 atakuwa na takriban kilo 654. Haya ni makadirio, kwa hiyo ongeza kidogo, usipunguze.

Sasa piga hesabu. Farasi wawili wa namna hiyo ni kilo 1,310. Trela tupu ya Ulaya huwa na kilo 1,000 hivi. Maji, nyasi na matandiko, weka 100. Jumla ni karibu 2,400, na trela nyingi za ukubwa huo zina kikomo cha kilo 2,600 au 2,700, basi utakuwa salama. Lakini ukiwa na wawili wenye damu ya farasi wa kazi, kilo 850 kila mmoja, unafika 2,800 kabla hujaondoka zizini. Hao wanahitaji trela yenye kikomo cha 3,500 na gari lililoruhusiwa na kiwanda kuvuta uzito huo. Kikomo cha trela kimeandikwa kwenye kibati kilichopigiliwa kwenye chasisi yake. Kibati kikiwa kimeng'olewa, mimi singenunua hata kwa nusu bei.

Kuhusu gari, watu huangalia nguvu ya kuvuta na kusahau nguvu ya kusimamisha. Injini isiyo na turbo (kifaa kinachoisukumia hewa zaidi) hupungukiwa nguvu kwenye miinuko yetu. Nairobi peke yake iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na barabara ya Timau, karibu na Mlima Kenya, hupanda zaidi. Hilo utaligundua mapema kwa sababu gari litazubaa mlimani. Mteremko ndio wenye hatari zaidi. Trela za Ulaya hufunga breki zake pale zinapolisukuma gari kutoka nyuma, kwa hiyo kwenye mteremko mrefu kama wa Mai Mahiu zinaweza kushika muda wote hadi zikachemka. Ingiza gia ndogo ukiwa bado juu, usingoje harufu ya breki.

Trela za Marekani kwa kawaida hutumia breki za umeme zinazohitaji kifaa maalumu ndani ya gari. Bila kifaa hicho, umefunga tani mbili na nusu zisizo na breki. Kagua pia kichwa cha trela, yaani sehemu ya mbele inayokaa juu ya tufe la chuma lililo nyuma ya gari. Baadhi zimetengenezewa tufe la milimita 58.7, na kwenye tufe letu la 50 kichwa hicho kitaonekana kimekaa sawasawa hadi gari litakapopiga shimo.

Ndani, farasi wa sentimita 173 begani anahitaji kimo cha mita 2.3 hivi. Hata hivyo, wafugaji wakishapima dari hawaangalii kama atapata nafasi ya kuinamisha kichwa. Farasi huhitaji kuinama ili uchafu na kamasi vitoke kwenye njia ya hewa. Akifungwa kichwa juu saa nyingi, bakteria huteremka mapafuni, na nimonia ya safari hujitokeza siku moja au mbili baadaye, mwenye farasi akidhani ni mafua tu. Tunapowapokea wakiwa na homa, hawataki kula, wanasimama kama mbao, matibabu huwa marefu na wengine hawaponi. Kwa hiyo chagua trela yenye nafasi mbele ya kizuizi cha kifuani, na kwenye safari ndefu simama kila baada ya saa nne hivi, uwalegezee kamba wainame na kunywa maji.

Kitenganishi cha katikati kisifike sakafuni kikiwa kigumu. Farasi mkubwa hujisawazisha kwenye kona kwa kutanua miguu. Asipoweza, hupaparika na kupanda ukuta.

Maelekezo mengi ya mtandaoni yameandikwa na Wamarekani, nao husema mzito akae kushoto. Wao huendesha kulia. Hapa Kenya barabara huinamia kushoto, hivyo mzito, au farasi anayesafiri peke yake, akae kulia.

Kama trela ni ya mitumba, inua mikeka ya mpira yote, hata muuzaji akikuambia haina haja. Mkojo huozesha mbao chini yake huku juu pakionekana safi. Chukua bisibisi uchome kila ubao, hasa pale miguu ya nyuma inaposimama; ikizama kirahisi, sakafu hiyo haibebi farasi. Tairi nazo zitazame tarehe: tarakimu nne kama 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Trela nyingi hukaa bila kazi, meno ya tairi yakabaki mazuri huku kuta zake zikipasuka kwa jua.

Na mfundishe saisi wako, yaani mtunza farasi, mpangilio huu kabla ya safari ya kwanza: kupakia, kizuizi cha nyuma kwanza, kamba ya kichwa baadaye. Kushusha, kamba kwanza, kizuizi baadaye. Farasi aliyefungwa kichwa na kuachwa wazi nyuma atarudi kinyumenyume, atahisi kamba imemkaza, na hapo hakuna mtu anayeweza kumshika.