Ubora wa elimu ya madrasa: maana yake nini?

Neno "chuo" katika Kiswahili cha zamani lilikuwa na maana mbili: kitabu, na mahali mtoto anapopelekwa kusoma Qurani. Ndiyo maana mjuzi wa dini tunamwita mwanachuoni. Siku hizi wengi tunasema madrasa, na kila kikao cha wazazi hakiishi bila mtu kusema ubora wa madrasa uinuliwe. Ukiuliza ubora upi, huyu atakwambia jengo, yule sare, mwingine idadi ya waliohifadhi, mwingine kompyuta. Mimi nataka kuieleza dhana hii kwa kuanzia mahali padogo sana, kwenye mdomo wa mtoto.

Mtoto amekaa mkekani, msahafu uko juu ya marufaa. Anasoma Suratul Ikhlas. "Kul huwallahu ahad." Qaf hutoka nyuma kabisa ya ulimi, yeye ametamka kaf, ile nyepesi. "Qul" ni sema, "kul" ni kula. Herufi moja tu, na amri ya Mola imegeuka. Wenzake thelathini na kitu wanasoma kwa sauti kila mmoja na sura yake, maalim yuko upande wa pili, na kosa lile halikusikiwa na mtu. Kesho atasoma vivyo hivyo, na mwakani, na siku moja atasimama mbele ya maamuma asome vivyo hivyo.

Wanazuoni wana jina la dawa ya hili: talaqqi, yaani kuipokea Qurani kutoka mdomoni mwa mwalimu. Mwalimu anasoma, mwanafunzi anasikiliza; kisha mwanafunzi anasoma, mwalimu anasikiliza na kumrekebisha. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alikuwa akidurusu Qurani na Jibril kila Ramadhani, na katika mwaka aliofariki walidurusu mara mbili. Hata ijaza, ile ruhusa anayopewa msomaji naye afundishe wengine, haipatikani kwa kusoma peke yako chumbani, kwa sababu ni ushahidi kwamba fulani alinisomea nami nikamsikia.

Kwa hiyo ninaposema elimu bora ya Kiislamu, nakusudia elimu ambayo mtoto anasikilizwa, anarekebishwa, na anajua alichokisoma kinamtaka afanye nini. Uongozi, ufundishaji na teknolojia nitavipima kwa kipimo hicho.

Nianze na uongozi, maana hapo ndipo mengi huharibika na ndipo pasipotazamwa. Piga hesabu. Watoto 40, mwalimu mmoja, darasa la baada ya Alasiri la dakika 90. Kila mtoto anapata dakika mbili na robo, tena kama mwalimu hakupumua wala hakuamua ugomvi. Gawa watoto wale kwa walimu wawili, na kila mtoto atapata dakika nne na nusu. Kamati inayochangisha zulia jipya na kusahau mwalimu wa pili haijaongeza ubora, hata kama zulia ni zuri. Na mwalimu anayelipwa kijisadaka cha Ijumaa, kisicho na kiwango wala tarehe, ataondoka siku atakapopata kibarua, na watoto wataanza upya na mgeni. Kumlipa mwalimu kwa wakati ni sehemu ya talaqqi, ingawa hatujazoea kulisema hivyo.

Mfano mzuri wa uongozi tunao hapa kwetu. Katika miaka ya 1980, Waislamu wa pwani ya Kenya waliona watoto wao wanabaki nyuma shuleni, na hawakutaka waende shule za awali ambazo dini yao haimo. Kwa msaada wa shirika la Aga Khan Foundation ukaanzishwa Mombasa mpango wa shule za awali za madrasa, ambao baadaye ulifika Zanzibar na Uganda. Kila shule ilikuwa na kamati ya wenyeji, na wanawake wakiwamo. Walimu walikuwa kina mama wa hapo hapo mtaani, waliopewa mafunzo na kuendelea kutembelewa darasani. Vifaa viliokotwa mazingirani, vifuu vya nazi vikawa vya kuhesabia. Mtoto alijifunza sura fupi, dua, hesabu na kucheza, mahali pamoja. Kinachonivutia zaidi ni lile la kutembelewa: mwalimu naye alikuwa na wa kumsikiliza.

Ufundishaji wenyewe ni jambo jingine. Niliwahi kumpima binti wa miaka tisa aliyehitimu juzuu amma, juzuu ya mwisho ya Qurani yenye sura 37, sherehe imefanyika na pilau limeliwa. Nikaweka kidole katikati ya Suratun Naba, nikamwomba aendelee kutoka hapo. Alinyamaza. Kisha akarudi kimoyomoyo mwanzo wa sura, midomo ikimchezacheza, akatiririka mpaka alipofika penye kidole, ndipo akatoa sauti. Hakuwa mvivu. Alikariri kwa sikio, na hakuna aliyegundua kwamba herufi hazijui. Kuhifadhi kwa sikio ni neema, lakini mwalimu mzuri hutofautisha kukariri na kusoma, na huanza kufundisha palipopungua.

Halafu kuna maana. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah mjini Mombasa mwaka 1932 na kuwaandikia Waislamu kwa Kiswahili na Kiarabu, ili dini isibaki kwa wanaojua Kiarabu tu. Tafsiri kamili ya Qurani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ilichapwa mwaka 1969, na bado imo majumbani mwetu. Basi mtoto anayesoma Suratul Maun, anayehifadhi kwamba yatima asisukumwe, aambiwe kwa lugha yake kuwa ndivyo alivyosoma. Dakika moja inatosha.

Bakora nitaisema kwa ufupi. Ibn Khaldun, mwanahistoria wa Kiislamu, katika karne ya 14 aliandika kwamba ukali humfundisha mtoto uongo na kujificha. Mtoto anayeogopa fimbo husoma kwa sauti ya chini, na kosa la sauti ya chini halisikiki.

Teknolojia, sasa. Mwaka 1961 Sheikh Mahmoud Khalil Al-Hussary wa Misri alikamilisha kurekodi Qurani nzima kwa murattal, yaani kisomo cha taratibu, na baadaye kaseti zikafikisha sauti za wasomaji hodari hata kijiji kisicho na mwalimu wa tajwidi, yaani kanuni za kutamka Qurani. Hiyo ilikuwa nusu ya talaqqi: mtoto anamsikia sheikh, sheikh hamsikii mtoto. Programu nyingi za simu nazo ziko hapo hapo, na zile zinazoweza kuonyesha neno lililorukwa si mbadala wa sikio la mwalimu kwenye qaf na kaf. Faida kubwa nimeiona kwenye kitu cha kawaida kabisa: ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Mtoto anajirekodi nyumbani aya tano, mama anazituma, maalim anazisikiliza usiku na kujibu kwa sauti yake. Zile dakika mbili na robo zimeongezeka bila jengo kuongezeka. Lakini simu iwe ya mzazi na saa ziwekwe, kwa sababu mwalimu naye ana nyumba.

Yote haya hukutana kwenye daftari. Madrasa ninayosaidia Jumamosi kila mtoto ana ukurasa wake: tarehe, sura, aya, kosa. Wiki iliyopita mwenzangu aliandika kwenye ukurasa wa kijana mmoja: "Alfil, aya ya 3. Tayran, ameisoma kwa ta nyembamba. Arudie Jumatatu." Jumatatu mwalimu mwingine alifungua ukurasa ule ule na kumwita.