Klorini huru ni ipi, na kwa nini mwani hauondoki

"Klorini ipo, nimepima mwenyewe." Kigoma utaisikia kauli hii karibu kila penye bwawa la kuogelea lililogeuka kijani. Dawa imetiwa jana, kipimo kimeonyesha rangi, na mwani bado umeganda kwenye kona za ngazi, unateleza chini ya unyayo. Mwenye nyumba anaambiwa mwani wake ni sugu, kisha anauziwa dawa nyingine juu ya ile ya kwanza. Mara nyingi mwani wenyewe hauna usugu wowote. Klorini iliyopimwa siyo inayoua.

Klorini huru ni ile ambayo bado haijashikana na uchafu, kwa hiyo ina uwezo wa kuua. Klorini iliyofungwa ni ile iliyokwisha kushikana na amonia itokanayo na jasho, mkojo na takataka zinazooza. Imo majini, lakini nguvu yake ni ndogo mno. Zote mbili kwa pamoja ni jumla ya klorini. Ukihesabu bodaboda zote zilizopo kijiweni hujajua ngapi zinaweza kukubeba, maana zenye abiria tayari nazo umezihesabu.

Ugomvi wangu uko kwenye kipimo. Kile cha bei nafuu, chenye matone yanayogeuza maji kuwa ya njano, husoma jumla tu. Njano ikikolea fundi anaridhika na kufunga boksi lake, wakati huenda klorini huru ni sifuri na njano yote ile ni ya iliyofungwa. Kipimo cha kuaminika ni cha DPD, ambacho hugeuza maji kuwa ya waridi. Kidonge namba 1 husoma klorini huru; ukiongeza namba 3 kwenye maji yale yale unapata jumla. Toa moja kwenye nyingine. Tofauti ikizidi nusu miligramu kwa lita, kuna uchafu ambao dawa haijaumaliza. Na uangalie vizuri unapotia kidonge: klorini ikiwa nyingi kupita kiasi, waridi hutokea na kufutika papo hapo, mtu akadhani maji hayana kitu. Hapo changanya sampuli na maji yasiyo na klorini, upime upya.

Hata hiyo iliyo huru haina nguvu sawa kila mahali, na hapa Kigoma jambo hili lina uzito wa pekee. Maji yetu yanavutwa Ziwa Tanganyika, na pH, yaani kipimo cha uasidi na ualkali, ya maji ya juu ya ziwa hili iko karibu na 9. Kwenye maji ya kawaida yenye pH 7.2, takriban theluthi mbili ya klorini huru huwa katika umbo linaloua haraka. Kwenye pH 8 hubaki kama robo. Kwenye 9 ni asilimia chache tu. Kwa hiyo anayejaza bwawa kwa maji ya bomba na kumwaga unga wa klorini bila kugusa pH anatupa fedha. Ashushe kwanza kwa asidi ya hidrokloriki, kidogo kidogo, pampu ikizunguka, hadi 7.2 au 7.4. Tena arudie kupima siku zinazofuata, kwa sababu maji ya ziwa yana alkali nyingi na pH hupanda tena yenyewe.

Halafu kuna stabilaiza, yaani asidi ya sayanuriki. Kazi yake ni kuikinga klorini na jua, ambalo bila kinga hiyo huiharibu karibu yote kwa saa chache. Miligramu 30 hadi 50 kwa lita zinatosha. Shida ni kwamba vile vidonge vikubwa vya kuelea vinabeba stabilaiza ndani yake: kila miligramu 10 za klorini vinazoleta huja na kama 6 za stabilaiza. Klorini hutumika ikaisha, stabilaiza hubaki. Baada ya misimu kadhaa inafika 100 au 150, na hapo klorini huru ya 3 ambayo kwenye kipimo inapendeza haiuwezi mwani. Hakuna dawa ya maana ya kuiondoa. Punguza maji, ujaze mengine.

Ukishayajua haya, kuua mwani si fumbo. Sugua kuta zote kwa brashi, maana utando wa juu huukinga mwani wa chini. Tia unga au klorini ya maji, si vidonge, hadi klorini huru ifike takriban asilimia 40 ya kiwango cha stabilaiza. Stabilaiza ikiwa 40, lenga 16. Kosa kubwa ni kutia mara moja na kwenda kulala. Kiwango hicho kishikiliwe kwa kupima na kuongeza, pampu isizimwe, kichujio kisafishwe kila kinapoziba. Unga na vidonge visikutane ndoo moja, huweza kuwaka au kulipuka, na asidi ikikutana na klorini hutoa gesi ya sumu.

Utajuaje umemaliza? Pima klorini huru jua likishazama, upime tena kabla halijachomoza. Usiku hakuna jua la kusingiziwa. Ikipungua zaidi ya miligramu 1 kwa lita, bado kuna kilicho hai kinachoila, hata kama maji yanang'aa. Madoa meusi yaliyong'ang'ania kwenye plasta, ambayo kwa kweli ni aina ya bakteria, yanahitaji brashi ya waya na subira zaidi.

Wapo wanaokimbilia mrututu, yaani salfeti ya shaba. Unaua mwani, ndiyo, lakini shaba yake huacha madoa kwenye kuta, na maji ya kuoshea kichujio yakishuka mtaroni hapa kwetu yanaishia ziwani. Shaba ni sumu kwa samaki. Naomba sana tuuache.

Na mgeni akitoka majini macho mekundu, akalalamika kwamba klorini imezidi, tusimjibu kwa kupunguza dawa. Harufu ile kali inayochoma macho kwa kawaida ni ya klorini iliyofungwa. Inaonyesha klorini huru imepungua. Tuchukue kipimo cha waridi, tusome zote mbili, kisha tuongeze.